Bahari Yamepewa Mafaili

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni iliyopanga ghorofa ya tano, Posta, Dar es Salaam. Tuko watu 42 kwenye ukumbi mmoja wa wazi, na upande wa magharibi ni vioo vitupu. Watu wanalalamika kichwa kuuma na macho kuwaka, na ikifika saa tisa alasiri nusu ya ofisi inasinzia. Bosi amesoma mahali kwamba ofisi yenye mimea huwapa watu afya na wakachapa kazi zaidi. Ameleta mkandarasi, naye ametupa bei ya Sh14 milioni: ukuta mzima wa majani ya plastiki pale mapokezi, na vyungu 30 vya mimea hai ya "kusafisha hewa". Nimeambiwa nitoe maoni kabla ya kusaini. Je, ni kweli mimea inasaidia? Na ungekuwa wewe, hizo pesa ungezitumiaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msisaini bado.

Bosi wako hajasoma uongo. Ila katika barua yako nzima umenitajia majani ya plastiki, vyungu na bei. Hukunitajia dirisha linalofunguka hata moja, wala hukusema nani anakaa wapi. Ndiyo maana nilikuomba unichoree ukumbi wenu kwa mkono kabla sijajibu. Karatasi uliyonitumia, pamoja na ile duara ya kikombe cha chai pembeni, imenijibia nusu ya swali.

Upande wa mashariki, ambako kutoka ghorofa ya tano mnaona maji ya bandari na vivuko vya Kigamboni vikipishana, kuna vitu vitatu: ofisi ya bosi, chumba cha mikutano ambacho umeandika pembeni yake "mara mbili kwa wiki", na stoo ya makabati tisa ya mafaili. Upande wa magharibi wamebanana watu karibu wote, na vioo vyao vimezibwa kwa pazia, maboksi yaliyokatwa na karatasi za manila. Katikati kuna mashine ya fotokopi na dada wawili wa uhasibu ambao, kwa mchoro wako, wakinyanyua macho wanaona ubavu wa jokofu. Yaani bahari yamepewa mafaili.

Nitarudi kwenye stoo hiyo. Kwanza ushahidi, maana bosi atauuliza, na mkandarasi naye atakuja na wa kwake.

Kazi ambayo kila mtu wa fani yetu ya usanifu majengo huanzia ni ya Roger Ulrich, iliyochapishwa mwaka 1984. Alipekua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za kati ya 1972 na 1981, akachagua wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo, akawapanga wawili wawili kwa umri, jinsia na kadhalika. Katika kila wawili, mmoja alilazwa chumba ambacho dirisha lake linatazama miti. Mwenzake dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hebu angalia hapo: hakuna aliyepelekewa ua kitandani. Walichokuwa nacho ni dirisha.

Wanaofanana zaidi na watu wako ni wale wa Sacramento, California. Mwaka 2003 kampuni ya Heschong Mahone ilipima wafanyakazi wa kupokea simu za wateja katika shirika la umeme la huko, ikakuta waliokaa penye mandhari nzuri kabisa ya nje walihudumia simu kwa kasi zaidi ya wale wasioona nje, tofauti ya kati ya asilimia 6 na 12. Kisha mwaka 2014 Mohamed Boubekri na wenzake wakalinganisha wafanyakazi 49 wa ofisini, 22 wenye madirisha na 27 wasio nayo. Wenye madirisha walikuwa wakilala kwa wastani wa dakika 46 zaidi kila usiku. Usingizi wa nyumbani, mwanangu, unaanzia kwenye mwanga wa mchana kazini, kwa sababu saa iliyo ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga huo. Kwa hiyo hao wanaosinzia kwako saa tisa, huenda hesabu yao ilianza kuharibika jana yake, saa nne asubuhi, pazia zikiwa zimefungwa.

Na plastiki? Kuna jaribio la mwaka 2008 la Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington ambalo napenda kuwapa wateja. Waliwasumbua watu kidogo kwa maswali magumu, kisha wakapima mapigo ya moyo yanavyorudi chini. Kundi moja liliketi mbele ya dirisha halisi linaloona miti na chemchemi; la pili mbele ya televisheni kubwa inayoonyesha mandhari ileile moja kwa moja; la tatu mbele ya ukuta wenye pazia. Dirisha halisi liliwatuliza watu haraka zaidi. Televisheni haikuwa na tofauti na ukuta. Sasa kama picha hai ya mti uleule imeshindwa, ukuta wa majani ya plastiki mapokezini utamfanyia nini dada wa uhasibu asiyepita mapokezi ila asubuhi na jioni? Utampendezesha mgeni kwa miezi mitatu, halafu utashika vumbi la barabarani, na kulifuta vumbi hilo jani kwa jani hakuna atakayekubali. Nimeyaona. Yanageuka rangi ya majivu.

Kwa nini macho yakikutana na miti mtu anapumua? Wapo wanaosema tumeumbwa hivyo. Mimi maelezo yanayonitosha ni ya Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan: makini ya kujilazimisha, ile ya kukagua tarakimu za mishahara, huchoka kama msuli. Ila kuna namna nyingine ya kutazama isiyokudai kitu, kama unavyotazama majani ya mnazi yakipepea au maji yakicheza. Hapo ule msuli unapumzika bila wewe kulala. Wala haihitaji muda mrefu. Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne waliwapa wanafunzi 150 kazi ya kuchosha kwenye kompyuta, wakawakatisha kwa sekunde 40 tu watazame picha ya paa. Walioonyeshwa paa lenye majani na maua walirudi wakafanya makosa machache kuliko walioonyeshwa paa la zege tupu. Ndiyo, hapo ilikuwa picha, na picha ilisaidia. Sitaki kukudanganya kwamba picha ni bure kabisa. Kwa dada zetu wa uhasibu, kama ingeshindikana kabisa kuwahamisha, ningewatundikia picha kubwa nzuri. Lakini haijashindikana.

Sasa hili la mimea "ya kusafisha hewa". Mkandarasi hakulitunga. Mwaka 1989 Bill Wolverton wa NASA aliweka mimea ya chunguni ndani ya visanduku vilivyozibwa, akaingiza kemikali kama benzini, na mimea ikapunguza kemikali hizo. Kweli tupu. Tatizo ni kwamba ofisi si kisanduku kilichozibwa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Cummings na Waring, walikusanya majaribio ya namna hiyo wakayapigia hesabu za chumba halisi: ili mimea ifanye kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Mkandarasi anakupa 30 kwa ukumbi mzima. Mkiijaza ile inayohitajika yote, watu wataketi wapi, juu ya miti?

Hewa yenu inasafishwa na kitu kimoja, hewa ya nje. Na hapa ndipo ninapoona chanzo cha vichwa kuuma. Kwenye mchoro umeandika mna viyoyozi sita vya ukutani. Wengi hudhani kiyoyozi kile kinavuta hewa kutoka nje, kwa kuwa kuna mashine nje inayonguruma. Hapana. Kinachopita kwenye lile bomba ni gesi ya kupoozea. Hewa ni ileile ya chumbani, inazungushwa inapozwa inarudi. Watu 42 mnapumuliana tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, kila mara mtu anapofungua mlango wa ngazi ndipo mnapata kidogo. Harvard walijaribu jambo hili mwaka 2014, wakalichapisha baadaye: wafanyakazi 24 waliketi siku sita katika ofisi ambayo watafiti walikuwa wakibadilisha hewa yake bila wao kujua. Siku za hewa nyingi safi, alama zao kwenye mtihani wa kufanya maamuzi zilikuwa karibu mara mbili ya siku za hewa ya ofisi ya kawaida.

Tafuta kipimo cha kaboni dayoksaidi, kidogo cha kuweka mezani. Nje kitakusomea 420 hivi, yaani sehemu 420 katika kila milioni ya hewa. Kiweke katikati ya ukumbi, karibu na fotokopi, uandike namba kila saa kuanzia asubuhi. Ikivuka 1,000 mapema, mnajua hewa haitoshi; ikifika 1,500 saa tisa, umepata jibu la kusinzia kwenu, na jibu hilo halihitaji ua hata moja. Dawa yake ni madirisha. Barua haikuyataja, ila kwenye mchoro umeandika yapo manne yanayofunguka lakini vitasa vimekufa. Mwite fundi aluminiamu kabla ya kumwita muuza maua. Fungueni asubuhi na mapema kabla ya kuwasha viyoyozi, fungueni tena robo saa wakati wa chakula. Joto litaingia, ndiyo, na honi za daladala pia. Vumilieni robo saa. Ni afadhali kuwe na upande wa kuingilia na wa kutokea, kwa sababu upepo ukikosa pa kutokea hauingii. Dar tuna bahati hapo: kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi inatawala katikati ya mwaka, na zote mbili zina asili ya baharini. Upande huo wa bahari kwenu nani ameukalia? Mafaili.

Basi turudi stoo.

Kuna kanuni ya mkono tunayotumia wasanifu: mwanga wa mchana wenye manufaa huingia ndani ya chumba kiasi cha mara mbili, ukibahatika mara mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha lenu likifika mita 2.4 kutoka sakafuni, mwanga unakwenda mita tano, sita basi. Zaidi ya hapo ni taa. Chukua chaki, pima mita tano na nusu kutoka kila ukuta wa vioo, chora mstari sakafuni Jumamosi moja watu wakiwa hawapo. Ndani ya mistari, upande wa madirisha, wawekwe watu. Katikati kwenye giza ziwekwe mashine ya fotokopi, jokofu, makabati ya mafaili, hata chumba cha mikutano, maana mkutano wa saa moja gizani hauui mtu, lakini miaka sita gizani inachosha. Faili halina macho.

Hapo ofisi yenu imepata bahari kwa gharama ya vibarua wanne wa kusukuma makabati na fundi wa kubomoa ukuta wa mbao za jasi. Mwenye nyumba lazima aombwe ruhusa kwa maandishi, usisahau hilo. Ofisi ya bosi sijaigusa; hilo mmalizane wenyewe, ila mkiweza kumshawishi aweke ukuta wa kioo badala ya mbao, mwanga wake utawafikia na wengine.

Hakuna jipya katika hili. Ukiingia nyumba ya mawe ya kale pale Lamu, unapita kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, unapinda kona, unatokea kwenye uwazi usio na paa katikati ya nyumba. Vyumba vimejipanga kuufuata uwazi huo, virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo hakuna aliye mbali na mwanga. Hewa moto inapanda kupitia pale juu, ya baridi inateremka usiku, na aliyekaa ndani anaona kipande cha mbingu bila jirani kumwona yeye. Watu wa Lamu uwazi huo wanauita kiwanda. Sisi huku neno hilo tumewaachia moshi na mashine, na majengo yetu tumeyafanya mapana hivi kwamba anayekaa katikati hajui kama nje kunanyesha.

Wanaojenga upya wanayo mifano ya karibu: ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, Nairobi, zilizofunguliwa 2011, zina uwazi wa katikati wenye bustani na zinapumua zenyewe, jengo la Eastgate la Harare, la mwaka 1996, msanifu wake Mick Pearce alilichora akifikiria kichuguu cha mchwa. Lakini ninyi ni wapangaji, hilo si lenu leo.

Lenu ni ule upande wa magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta, Dar ipo takriban nyuzi saba kusini yake, kwa hiyo adui wetu ni jua la kuchomoza na la kuzama. La adhuhuri linakaa juu ya paa. Dirisha la magharibi halipigwi na jua asubuhi hata kidogo. Jua linaanza kuwafikia saa saba au nane mchana. Sasa niambie kwa nini maboksi yapo juu saa tatu asubuhi. Yapo kwa sababu kuna siku mtu alichoka kuona kioo cha kompyuta yake kikimeremeta, akabandika boksi kwa gundi, na boksi halina kamba ya kulivuta. Ofisi nzima inaishi gizani kwa muda wa saa nane kwa sababu ya jua linalodumu saa tatu tu.

Banduheni maboksi. Geuzeni meza ili dirisha liwe ubavuni mwa mtu, si mgongoni wala usoni. Hapo mng'aro kwenye kompyuta unapungua sana hata bila pazia. Pazia ziwe za kuvutwa kwa urahisi, na muwe na desturi: aliye karibu anazifungua akifika asubuhi, zinashushwa mchana jua likifika mezani. Pazia la ndani linazuia mng'aro lakini joto limekwishaingia, kwani kioo kimelipitisha. Kivuli kinachofaa kweli ni cha nje ya kioo. Mwombeni mwenye nyumba vibao vya aluminiamu vya kukinga jua nje, angalau kwa madirisha manne mabaya zaidi. Akikataa, kuna wanaobandika tinti. Inasaidia joto, ila ikiwa nyeusi sana mtakuwa mmelipia kuzima mwanga mlioutafuta, kwa hiyo ombeni iliyo nyepesi na mjaribu kioo kimoja kwanza.

Baada ya yote hayo ndipo mimea. Mimi si adui wa mimea. Mwaka 2014 Marlon Nieuwenhuis na wenzake waliingia kwenye ofisi halisi za Uingereza na Uholanzi zilizokuwa tupu kabisa, wakaziwekea mimea sehemu fulani, na tija ikapanda kwa asilimia 15. Bosi wako bila shaka alisoma namba hiyo. Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2010, wa Craig Knight na Alex Haslam, ambao haukusomwa sana na ndio ninaoupenda. Waliwapa watu vyumba vya namna nne: kitupu, chenye mimea na picha vilivyopangwa na mtu mwingine, chenye mimea na picha walizopanga wenyewe, na cha mwisho walichopanga wenyewe kisha mtafiti akaingia akavuruga mpangilio wao. Waliopanga wenyewe walifanya kazi vizuri kuliko wote. Waliovurugiwa, faida yote ilipotea, ingawa mimea ilikuwa palepale.

Hili nililiona kwa macho kabla sijalisoma. Miaka kadhaa iliyopita nilichora ukuta wa mimea hai kwa mteja mmoja hapa mjini, mita nne kwa tatu, wenye pampu na mabomba membamba ya kudondosha maji. Siku ya kuzindua watu walipiga picha. Ijumaa moja pampu ilizima, na ufunguo wa chumba cha pampu alikuwa nao fundi aliyekwenda msibani Singida. Jumatatu safu mbili za juu zilikuwa zimenyauka. Tukabadilisha. Mwezi wa tano, ukungu mweusi ukatokea nyuma yake, harufu kama nguo iliyoanikwa ndani wakati wa masika, na dada mmoja mwenye pumu akaomba ahamishwe. Ukaondolewa. Kosa lilikuwa langu: nilichora ukuta, sikuuliza utakuwa wa nani. Ofisi hiyohiyo, jikoni, mama anayepika chai alikuwa na mmea wake mmoja kwenye kopo la rangi la lita nne, ule wa kutambaa wenye majani ya kijani na madoa ya njano. Alikuwa ameupitisha kwa uzi juu ya fremu ya dirisha, ukazunguka, ukashuka upande wa pili. Kila aliyekwenda kuchukua chai alisimama pale. Kopo lile bado lipo mpaka leo.

Kwa hiyo kati ya vyungu 30, nunueni kumi na tano, na kila kimoja kiwe na mwenyewe. Mpe kila anayetaka pesa kidogo akachague mwenyewe kwa wauza miche wa barabarani. Asiyetaka asilazimishwe, wapo wanaopiga chafya na wapo ambao hawapendi tu. Ndani kwenye kiyoyozi na mwanga hafifu, chukueni ule wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga yenye kingo za njano, kila muuza maua anao. Chukueni na Zamioculcas, wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Huo ni wa kwetu hasa, unaota wenyewe porini kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar mpaka Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 na sasa umejaa ofisi za dunia nzima, nasi tunauona kama wa Ulaya. Unahifadhi maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, ukiusahau wiki tatu haulalamiki. Kwenye dirisha la magharibi, ambako jua la mchana litaua hayo mengine, wekeni mrehani na mchaichai. Kuchuma jani la mchaichai ukatia kwenye kikombe chako mwenyewe saa kumi, hilo tu ni mapumziko.

Wekeni mahali jicho linapofika mtu akiwa kwenye kiti chake. Chungu kilichofichwa nyuma ya mlango ni cha mfagiaji peke yake.

Na sasa jambo ambalo mkandarasi hakuliandika, nami nakusihi ulichukulie kwa uzito: visahani. Mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotulia, anataga kwenye kisahani cha chini ya chungu, na anauma mchana, yaani saa za ofisi kabisa. Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Nimewahi kuinua chungu mapokezini mwa ofisi ya watu, kwenye kisahani viluwiluwi wakawa wanacheza kama nukta zenye mkia, na hatua mbili kutoka pale mgeni amekaa anasubiri kuitwa. Yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo kisahani kimwagwe kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani. Kumwaga tu hakutoshi, kwa sababu mayai yanagandia ukingoni na yanastahimili ukavu kwa miezi. Sugueni kwa brashi. Nusu ya tatizo ni kumwagilia kupita kiasi, kila apitaye anamimina maji ya chupa yaliyobaki, wengine chai. Mwenye chungu ndiye amwagilie, mwingine asiguse. Tia kidole udongoni mpaka fundo la pili. Kikitoka na unyevu, acha.

Lililobaki ni nje. Watu wenu wanakula mezani mwao, nimeona kwenye mchoro kila meza umeandika "chakula". Mmezungukwa na Posta yote, na bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, yenye miti ya tangu enzi za Wajerumani, haiko mbali na hapo mlipo. Saa ya chakula iwe saa nzima kweli, isiitwe mtu arudi kwa sababu "mteja yupo". Ulizeni pia kama paa la jengo linafikika. Meza tatu, turubai na mwarobaini kwenye pipa lililokatwa vinatosha kuanzia.

Kwa bosi usiende na maneno ya miti, nenda na namba: kipimo cha hewa kila saa kwa siku tano, idadi ya watu wanaoona nje wakiwa wamekaa, na ruhusa za ugonjwa za miezi sita iliyopita. Mkumbushe kwa adabu kwamba hewa na mwanga wa kutosha ni sehemu ya wajibu wake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sitakupangia bei, maana fundi wa Kariakoo ana yake na wa Masaki ana yake, lakini vitasa, kuhamisha makabati, pazia mpya na vyungu kumi na tano, sioni vinavyofika hata nusu ya Sh14 milioni. Na kama watu wanatoka kazini saa tatu usiku kila siku, sema hilo kwanza kabla ya yote, kwa sababu hakuna mmea wa kulitibu.

Kama atasita, usibishane naye. Mwombe siku moja tu abadilishane kiti na mmoja wa wale dada wa uhasibu, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, mwezi huu wa joto, na maboksi yakiwa bado yamebandikwa. Umwachie kipimo cha hewa hapo juu ya jokofu, kikimtazama.